Mume wa Felista na Nyongeza ya Bei ya Mtama

Kaya Na. 41,
Kijiji cha Ujamaa Nyakerigo,
Njia ya kwenda Nyarero,
TARIME.
19 Agosti, 1978

Kwa Ndugu Msimamizi wa Nyongeza ya Bei ya Mtama,
Makao Makuu.

Ndugu Msimamizi,

YAH: MUME KUNYIMWA NYONGEZA KWA KUWA NI MWANAMKE

Kwanza salamu. Sijui umri wako. Kama umenizidi, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, nimeitikia hapahapa ili tusimalize karatasi. Hali yangu ni njema isipokuwa goti la kushoto na jambo hili ninalokuandikia.

Mimi ni Mokami, mjane wa marehemu Kisyeri. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimehitimu Elimu ya Watu Wazima hatua ya tatu, na cheti kiko ukutani, juu ya mahali tunapotundika ungo. Mwalimu wetu, Verdiana, alitufundisha kwamba malalamiko yasiyo na namba hayajibiwi, kwa sababu mkubwa akiyasoma hajui aanze kujibu lipi. Namba utaziona. Lakini kabla ya namba ni lazima nikueleze lililotokea, maana bila hivyo utadhani nimechanganyikiwa kama alivyodhani Bwana Method.

Mwaka jana kabla ya mvua redio ilitangaza kwamba kwa sababu mahindi yamekauka miaka miwili mfululizo, Serikali itaongeza kitu juu ya bei ya kila gunia la mtama, ili mkulima apate moyo wa kulima zao linalovumilia jua. Nilisikia kwa masikio yangu kwenye redio ya Mwenyekiti wa Kijiji. Tangazo lilirudiwa mara mbili: nyongeza ni haki ya mkulima. Nilifurahi sana. Nilirudi nyumbani nikamwambia Felista kwamba mwaka huu tunalima ekari tatu za mtama. Tukalima. Tukapata magunia tisa, na mtama wenyewe mweupe, hauna hata jiwe.

Felista ni mke wangu. Najua huko makao makuu wapo wasioijua mila hii, kwa hiyo naieleza mara moja tu. Kisyeri alifariki akaniachia mabinti wawili, hakuniachia mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi ikafa. Mwanamke mwenye ng'ombe anaoa. Tunaita nyumba ntobhu. Mabinti zangu walipoolewa nilipokea ng'ombe, na mimi nikatoa kumi na saba kwenda kwa baba yake Felista kule Gorong'a. Wazee walikaa, pombe ikanywewa, maneno yakasemwa, Felista akaja. Sasa ana watoto watatu, Wangwe, Nyangi na Nyangwine, na wote ni watoto wa Kisyeri, ambaye ana miaka kumi na minne kaburini. Hapa kijijini hakuna anayeshangaa.

Anayeshangaa ni Bwana Method, karani wa kituo cha kununulia mtama. Ametoka ng'ambo ya ziwa. Ni kijana safi, ananyoa kila siku na haibi kwenye mizani, sitaki kumsingizia. Bei ya kawaida alitulipa. Ila nyongeza ina fomu yake, na kwenye fomu kuna mstari ulioandikwa "Jina la mume mwenye kaya", halafu mahali pa sahihi. Nikaandika Mokami. Nikatia sahihi. Bwana Method akasoma, akanirudishia, akasema mume lazima afike yeye mwenyewe. Nikamwambia amefika. Akaangalia nyuma yangu.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Nilirudishwa mwisho wa foleni mara tatu, na foleni ilikuwa inaanzia kwenye mizani inaishia kwenye kisima. Mara ya kwanza aliniambia nikamlete mume. Mara ya pili akaniambia mume ni mwanamume. Mara ya tatu, mbele ya watu wa vijiji vitatu, akaniuliza kama mimi ni mume, hao watoto wamepatikanaje. Nilimjibu kwamba wamepatikana kama alivyopatikana yeye, na kwamba fomu ile ni ya mtama. Watu walipiga vigelegele. Bwana Method aliinama akatafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni mwake. Nilimwita mura, kama tunavyowaita vijana wa rika lake, nikamwambia asione haya, kutojua si kosa. Nadhani hapo ndipo aliponichukia.

2. Bwana Method hakutaka ushahidi wangu, na ushahidi ninao. Ndugu Msimamizi, naomba unipime kwa haki. Ni nani aliyetoa ng'ombe? Mimi. Ni nani anayekalia kiti chenye mgongo, ambacho hapa nyumbani ni kimoja? Mimi. Ugali ukiiva nanawa kwanza na kula kwanza, na nikionja mboga nasema chumvi imezidi, hata kama haikuzidi, ili nyumba ijue ina mwenyewe. Mikutano yote ya kijiji nahudhuria mimi kwa niaba ya kaya, narudi jioni na kusema mambo bado yanazungumzwa. Paa likivuja nasema litatengenezwa. Felista ameomba jembe la kukokotwa na ng'ombe tangu mwaka aliofika hapa, na kila mwaka namwambia tusubiri. Ni mume gani wa wilaya hii aliyenishinda katika hayo? Felista kwa upande wake anafanya kazi zile za mke, kulima na kupalilia na kuvuna na kupura na kubeba hadi kituoni, ambazo sina haja ya kuzieleza. Bwana Method mwenyewe hajaoa. Mtu ambaye hajaoa amepewa kalamu ya kuamua nani ameoa.

3. Hili la tatu ndilo linaloninyima usingizi, na naomba ulisome ukiwa umeketi.

Marehemu ana mdogo wake, Waitara, wa kaya namba 38. Habari zilipomfikia kwamba nimekwama kwa kukosa mume, alikuja asubuhi yake amevaa koti, kwenye jua lile. Akasema ameumia sana kuniona nahangaika na yuko tayari kutia sahihi kama mume, kwa huruma tu. Bwana Method amekubali. Hakumuuliza ng'ombe, hakumuuliza watoto wamepatikanaje. Waitara ana ndevu, basi, imetosha.

Sasa sikiliza kinachofuata. Jina la anayetia sahihi linahamia kwenye daftari la kaya. Daftari la kaya ndilo linalotumika kugawa mashamba, na ndilo linaloangaliwa mtoto anapoandikishwa shule. Waitara akishaandikwa mume wa kaya namba 41, ndiye mume wa Felista, ndiye baba wa wale watatu, na ekari zangu ni zake. Tangu Kisyeri azikwe mtu huyu amekuwa akilizunguka boma langu akisema anatafuta mbuzi wake, na mbuzi hana. Nilitoa ng'ombe kumi na saba ili jina la Kisyeri lisifutike. Sasa litafutwa kwa wino, mchana, kwa magunia tisa ya mtama, na mfutaji atapigiwa muhuri. Nakuambia kweli, Ndugu Msimamizi, nimelia. Sikulia alipokufa Kisyeri kwa sababu nilikuwa na mambo mengi, lakini kwa fomu hii nimelia.

Unaweza kusema, basi niiache hiyo nyongeza. Siwezi. Tumeshaipangia. Mwaka huu nilimuahidi Felista lile jembe la kukokotwa mbele ya baba yake, na mzee yule kila tukikutana hunitazama mikono kuona kama nimelishika. Bwana Method ametangaza kwamba kitabu kinafungwa Jumamosi tarehe 26, na ambaye mume wake hajatia sahihi amesamehe haki yake.

4. Kwa kuwa nimeambiwa mimi si mume, nikaona nitafute kwa utulivu mume ni nani, kama tulivyofundishwa kisomoni kwamba swali likikushinda ulianze upya. Kisyeri amefariki, hawezi kulima wala kutia sahihi. Waitara hajatoa hata kuku. Bwana Method hataki kuoa hapa, nilimuuliza. Nikakaa kwenye kile kiti nikafikiri, je, ni nani mwingine anayefanya mambo ya mume katika nyumba hii?

Mwaka 1974 tulikuwa tunakaa kule mlimani kwenye boma la zamani. Ni nani aliyesema tuhame, hakutuuliza, akasema ifikapo Ijumaa vyombo viwe vimefungwa? Ni nani anayeamua tulime mtama, mwaka unaofuata akasema muhogo? Ni nani aliyemtuma Bwana Shamba aje na kamba kupima ekari, akasema mistari imepinda, akala mayai mawili, akaondoka? Ni nani aliyekataza pombe isinywewe kabla ya saa kumi? Wakati wa palizi haonekani. Wakati wa mavuno anafika mapema na mizani. Anachukua magunia anasema fedha itakuja, na ukimfuata kumuuliza unaambiwa yuko kikaoni.

Ndugu Msimamizi, hizo ni dalili zote za mume. Sikutaka kufika huko, nimefikishwa na hoja. Kama mume wa Felista si mimi, basi ni Serikali.

5. Kwa kuwa Serikali ndiyo mume, yafuatayo yanadaiwa, na nayasema bila ugomvi kwa sababu sasa sisi ni wakwe.

(a) Ng'ombe kumi na saba waletwe kwangu badala ya wale niliowatoa nikidhani naoa. Waje wenyewe kwa miguu yao. Tusiletewe karatasi inayosema wako njiani.

(b) Serikali ifike na wazee wake, wakae, waseme maneno. Pombe ya kuwapokea tutashindwa kupika maana mtama wote umeuzwa kituoni. Naomba turudishiwe gunia moja.

(c) Nimezungumza na balozi wetu wa nyumba kumi, tukaona kwamba mambo niliyoyataja kwenye namba 4 yanafanyika katika kila kaya ya kijiji hiki vilevile. Kwa hiyo Serikali imeoa kaya zote mia moja na kumi na mbili. Hao ni ng'ombe elfu moja mia tisa na nne. Nilipiga hesabu mara mbili na mara zote mbili walitoka haohao. Kaya ya Mwenyekiti imo. Yeye anasema hakujua kwamba ameolewa, lakini hata mimi sikujua.

(d) Mume mwenye nyumba nyingi hujenga ghala kwa kila nyumba. Hapa kuna ghala moja la kijiji, na ufunguo umepotea.

(e) Nyangwine, mdogo wa watatu, ana homa tangu Jumanne na zahanati imeishiwa klorokwini. Baba yake aarifiwe.

(f) Kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe wake usoni, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha, anaingia majanini anasubiri apite. Mama yake Felista huja kutoka Gorong'a siku za mnada. Naomba madereva wote wa Landrova za Serikali wajulishwe. Wakimwona mama mnene mwenye kanga ya njano amebeba kuku, waiondoe gari barabarani wazime injini watazame upande mwingine. Mimi nilifanya hivyo miaka yote na barabara ilikuwa mbaya kuliko sasa.

6. Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama Bwana Method apewe barua kabla ya Jumamosi inayosema Mokami ndiye mume na fomu yangu ipokelewe, ama ng'ombe waanze safari. Njia ya tatu, ile yenye koti na ndevu, siikubali, na nikifa nitamsimulia Kisyeri yote na majina ya wahusika.

Nimalizie kwa kukuombea afya. Nisalimie mama wa nyumbani kwako, au baba wa nyumbani kwako kama mambo yenu ni kama yetu. Nisalimie anayekupigia taipu, anayekuletea chai, na yule kijana wa masijala atakayeifungua barua hii kabla yako. Felista anawasalimu, Wangwe na Nyangi wanawasalimu, Nyangwine atawasalimu akipona. Bwana Method akifika huko kwa kazi mpeni salamu pia, na mumkumbushe kwamba alisahau mwavuli wake kwangu siku alipokuja kuhesabu watu. Umetunzwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mokami Kisyeri
MUME MWENYE KAYA NA. 41

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji.
Nakala: Balozi wa Nyumba Kumi.
Nakala: Ndugu Waitara, kaya 38 (isipokuwa namba 3).

Baada ya kusaini:

Ndugu Msimamizi, barua ilikuwa imekwisha na bahasha nimeshailamba. Lakini Felista amehitimu hatua ya nne, amenipita moja, kwa hiyo nilimpa aisome kama kuna herufi imeruka. Aliketi juu ya jiwe la kusagia akaisoma yote. Pale nilipotegemea acheke hakucheka. Alipomaliza akaniuliza kwa adabu, Mama, kulima kuko namba ngapi?

Nikafungua karatasi nikatafuta. Kuko namba 2, karibu na mwisho, pale nilipoandika kwamba sina haja ya kueleza.

Akaniuliza tena redio ilisema nyongeza ni haki ya nani. Nikamwambia ya mkulima. Kumbe naye alisikia, siku ile alikuwa nje ya nyumba ya Mwenyekiti na mzigo wa kuni kichwani, sikumwona. Tukaichukua fomu ya Bwana Method tukaitazama mbele na nyuma. Kuna jina la mume, kuna jina la kijiji, kuna idadi ya magunia, kuna sahihi ya karani, kuna mahali pa muhuri. Mkulima hayumo.

Tukiwa katika hali hiyo Waitara akaingia na koti lake na kalamu. Felista hakumtukana. Alimpa jembe. Akamwambia kuna nusu ekari ya mabua bado haijalimwa kule bondeni, na atakayeimaliza kabla ya Jumamosi ndiye atakayetia sahihi. Waitara akaitazama ile nusu ekari akasema ana goti. Nikamwambia goti ni langu. Amekwenda kwake na hajarudi, na leo ni siku ya pili.

Kwa kuwa ni sharti la haki, mimi pia nilipewa jembe. Nililima matuta mawili nikaketi chini. Tangu tuhamie huku sijawahi kuona bonde lile lilivyo refu. Felista aliendelea mpaka mwisho wake, akageuka, akaanza kurudi, na mtoto mwenye homa alikuwa mgongoni. Ekari tatu, Ndugu Msimamizi. Mimi niliandika tukalima.

Kwa hiyo naomba namba 1 hadi 6 uzifute. Kwa kipimo hiki kipya Waitara si mume, Serikali si mume, na mimi nilikuwa nimekalia kiti. Ng'ombe wote wale waacheni walipo. Kinachobaki kwenye barua ni ile homa na mama mkwe.

Fomu nimeiambatanisha. Kwenye mstari wa mume tumelifuta jina langu na sahihi yangu, tukauacha wazi, asiandikwe mtu. Chini yake, kwa rula ya Wangwe ya shule, nimepiga mstari mwingine nikaandika MKULIMA, na Felista ametia sahihi yake hapo. Bwana Method akikataa, mwambieni aombe kuviona viganja vyake. Jembe la kukokotwa litanunuliwa, na safari hii sikumwambia tusubiri.

Ni mara ya kwanza kuliona jina lake kwenye fomu ya Serikali. Ameliandika vizuri kuliko nilivyoandika langu.

M. K.